Kingo

Nina video ya sekunde 52 ya bibi yangu akitembea Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Niliipiga kwa simu, kwa mkono mmoja, nikimfuata hatua chache nyuma kwenye njia ya mbuzi iliyojaa mawe na lile vumbi la kijivu linaloingia mpaka kwenye meno. Nilijikwaa mara mbili. Ukiitazama video huwezi kujua. Picha imetulia kana kwamba nilikuwa nateleza juu ya maji: Bibi katikati, kitenge cha bluu, fimbo, na mlima nyuma yake umesimama palepale.

Kwenye sekunde ya 31 anasimama, ananyanyua fimbo kuelekea kushoto, anasema: "Pale. Mti wetu ulikuwa pale, na nyumba ilikuwa chini yake." Fimbo inaanza vizuri kutoka mkononi, inanyooka, halafu inakatwa na ukingo wa picha. Ncha haimo. Na pale penyewe hapamo.

Mwanzoni nilijilaumu. Lakini nakumbuka vizuri kwamba niliigeuza simu. Aliponyanyua fimbo tu, mkono wangu uliifuata, kama ambavyo shingo yako ingeifuata. Nilipoirudia video mara ya tano ndipo nikaelewa kilichotokea. Programu ya simu iliona mkono unageuka ghafla, ikadhani ni mtikisiko mwingine kama ile miwili ya kujikwaa, ikanisahihisha. Ikaishikilia fremu ibaki kwa Bibi. Ilipokuja kukubali kwamba nimegeuka kwa makusudi, yeye alikuwa ameshashusha fimbo na kuanza kutembea.

Jinsi programu inavyofanya kazi hiyo si uchawi. Ndani ya simu kuna kihisi kidogo kuliko punje ya mchele kinachopima kila namna mkono unavyopinda, mara mamia kwa sekunde. Simu haikupi picha yote inayoiona. Inabakiza ukanda pembeni, juu na chini, kama mshonaji anavyoacha kitambaa cha akiba kwenye pindo. Mkono ukienda kulia, programu inasogeza dirisha kushoto ndani ya akiba ile, na mtazamaji anaona kitu kimetulia. Kisha inachokiacha nje ya dirisha inakitupa. Hakihifadhiwi popote. Ukishabonyeza kitufe cha kumaliza, zile kingo zimekwenda.

Njia ya zamani, ya chuma, haikati kitu. Inaongeza uzito. Kitu kizito ni kivivu: kikitulia hakitaki kuanza kwenda, na kikianza kwenda hakitaki kusimama. Fundi anauchukua uvivu huo na kuufanya rafiki wa mpiga picha. Njia hii ina historia ndefu huku kwetu kuliko nilivyodhani, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita kwenye migongo ya watu.

Carl Akeley alikuwa Mmarekani, fundi wa kukausha wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Watu wanamkumbuka zaidi kwa kumuua chui kwa mikono mitupu Somalia mwaka 1896, habari ambayo picha yake akiwa na bandeji mkononi imezunguka intaneti mara nyingi. Mimi kinachonivutia ni kushindwa kwake. Katika safari yake ya 1909 hadi 1911, upande wa Kenya ya leo, alitaka kuwapiga picha za sinema Wanandi wakimwinda simba kwa mikuki. Uwindaji ule hauna mazoezi. Simba anazingirwa, anachagua upande wa kutokea, mikuki inaruka, basi. Kamera za siku zile zilikuwa masanduku yaliyofungwa kwenye miguu mitatu. Kuigeuza kamera kulia ulizungusha mkono mmoja wa chuma, kuiinamisha ulizungusha mwingine, na wakati huohuo mkono wako wa kulia ulitakiwa kuendelea kuzungusha filamu kwa mwendo usiobadilika. Mtu ana mikono miwili tu. Hadi Akeley aigeuze kamera upande wa simba, mambo yalikuwa yamekwisha.

Alirudi Marekani akaunda kamera yake mwenyewe, na hataza yake ilitoka mwaka 1915. Ilikuwa ya duara kama chapati nene, na watu wakaiita hivyo hivyo, kwa Kiingereza chao, kamera ya chapati. Ufundi wake mkubwa ulikuwa kwenye kichwa cha ile stendi. Ndani aliweka meno ya chuma yaliyounganishwa na magurudumu mazito. Ulipoisukuma kamera kwa mkono wa kushoto, magurudumu yale yalianza kuzunguka kwa kasi, na uzito wao ukameza kila mshtuko mdogo wa mkono. Ukitaka kugeuka, inageuka. Ukitaka kuinamisha na kugeuza kwa pamoja, mkono mmoja unatosha. Hata jicho la kuchungulia alilitengeneza kwa namna ambayo kamera ikitazama juu mtini, shingo ya mpiga picha inabaki ilipo.

Kichwa kile hakikuzuia kamera kugeuka. Kilizuia isigeuke kwa mikwaruzo. Hakikujaribu kukisia mkono unataka nini. Magurudumu hayana maoni. Ukigeuka kuelekea simba, yanakwenda nawe, yakikusihi tu uende taratibu. Zaidi ya miaka mia imepita, simu yangu ina akili nyingi kuliko hiyo, na akili yake ndiyo iliyoipoteza fimbo ya Bibi.

Kamera ya Akeley ilitumika vitani, ikatumika Hollywood, na Robert Flaherty aliipeleka kwenye barafu kumpigia picha Nanook, filamu iliyotoka 1922. Akeley mwenyewe alipanda nayo Virunga, mashariki mwa Kongo, mwaka 1921, na kuwapiga sokwe wakubwa wa milimani picha za sinema zilizokuwa za kwanza za wanyama hao wakiwa porini. Mwaka 1926 alirudi tena Afrika Mashariki, safari hii akiwa pamoja na George Eastman, yule wa Kodak; wakafanya kazi Kenya na Tanganyika, kisha Akeley akaendelea hadi Kongo. Alifika Mlima Mikeno akiwa mgonjwa, akafia huko tarehe 17 Novemba, akazikwa Kabara, kwenye bega la mlima aliowahi kusema ni mahali pazuri kuliko pote alipopaona.

Sasa fikiria hiyo stendi yenye magurudumu mazito ikipanda Mikeno. Msitu wa mianzi, tope, utelezi, baridi. Haikujibeba. Kila safari ya namna hiyo ilitembea juu ya wapagazi, mizigo ikigawanywa, mmoja kreti la filamu, mwingine miguu mitatu ya stendi, mwingine kichwa chake. Uzito uleule ulioituliza picha ya sokwe ulitulizwa kwanza na shingo ya mtu aliyekuwa akipanda mlima bila kuteleza. Akiteleza yeye, hakuna filamu. Kwenye maelezo ya picha zile utasoma jina la aliyezungusha mkono wa kamera. Sisemi hivi kwa uchungu, au labda kidogo. Nasema kwa sababu ni jambo la kifundi: mtu yule alikuwa sehemu ya mtambo.

Baada ya Akeley zilikuja ndege. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Kansas waliozitumia kamera zake, waliruka juu ya nyika zetu miaka ya 1933 na 1934 kwa ndege mbili za Sikorsky, moja imepakwa milia ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga. Robo karne baadaye akaja Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, nao na ndege yenye milia ya pundamilia, kuhesabu wanyama wa Serengeti na kutengeneza filamu. Sijui ni kitu gani kinachowafanya wageni wakifika angani kwetu watake kufanana na pundamilia. Lakini chaguo la ndege lilikuwa na maana. Dornier Do 27 ya akina Grzimek iliweza kwenda polepole mno bila kuanguka na kutua popote penye nyasi fupi. Kwa mpiga picha, mwendo wa polepole ni nusu ya utulivu. Tarehe 10 Januari 1959 Michael aligongana na tai angani, ndege ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na watalii husimama pale dakika mbili kabla ya kuteremka. Filamu ilitoka mwaka huohuo na kushinda Oscar.

Mwaka uliofuata Hollywood yenyewe ikafika Arusha.

Kila mtu wa Arusha mwenye umri fulani ana hadithi ya *Hatari!* Kuna ambao baba zao waliwahi kumwona John Wayne mjini, na kuna ambao baba zao hawakumwona ila wanasema walimwona. Howard Hawks aliipiga filamu ile kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi mwanzoni mwa 1961, sehemu kubwa Momella, chini ya Mlima Meru, ikatoka 1962. Hadithi yenyewe ni nyepesi: kundi la wageni wanakamata wanyama ili kuwauza kwa mabustani ya wanyama huko nje. Kila mmoja anatoka nchi yake, kila mmoja anampenda asiyempenda. Yule Mwitaliano, Elsa Martinelli, analea tembo wadogo.

Kinachoifanya itazamike hadi leo ni zile mbio. Hawks alitaka waigizaji wenyewe wakamate wanyama, wa kweli, kwenye uwanda wa kweli. John Wayne amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele ya lori, nje kabisa, na kifaru wa kweli anapiga pembe kwenye bati. Hakuna aliyejua mnyama atakata kona wapi. Kamera zilifungwa kwenye magari yaliyokimbia sambamba, na hapo ndipo utulivu ulipotoka: tani za chuma, matairi, springi, na dereva. Ule mtambo wa springi ambao mpiga picha huuvaa kiunoni na kukimbia nao, Steadicam, Garrett Brown alikuwa bado hajauunda. Ulionekana kwenye sinema mwaka 1976. Mwaka 1961 pale Momella, dereva aliyeona shimo la muhanga mapema ndiye aliyeiokoa picha.

Nimeitazama *Hatari!* mara nyingi nikiandaa tasnifu yangu, mara nyingine bila sauti, nikiangalia nyuma ya wahusika tu. Mlima Meru upo karibu kila mahali, mzuri, umetulia. Uwanda unaonekana mtupu, kama umeumbwa jana kwa ajili ya lori na kifaru.

Lakini kilomita chache kutoka hapo, miaka tisa tu kabla kamera hazijafika, uwanda ulifanywa mtupu kwa mkono. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki na Leguruki, kwenye mashamba yaliyojulikana kwenye karatasi kama namba 31 na 328, ili kupisha mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Watu walitakiwa kuhamia Kingori, mahali pa joto na magonjwa ya mifugo, na wengi walikataa. Wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai ardhi. Mtu wa chini ya Meru, anazungumza Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kwenda huko. Hawakurudishiwa ardhi siku hiyo. Baraza Kuu lilishindwa kupitisha azimio. Lakini wanahistoria wengi wanaihesabu kesi ile miongoni mwa vitu vilivyoiamsha Tanganyika.

Silaumu filamu ya kifaru kwa kutozungumzia kesi ya ardhi. Hawks alikuja kutengeneza burudani na aliitengeneza vizuri. Ninachosema ni kwamba kamera ile ya chuma, nzito, yenye lenzi nzuri, isiyokata hata nywele moja kutoka kwenye kingo zake, nayo ilikuwa na kingo. Zilikatwa kabla kamera haijawashwa. Nilipoanza kuandika nilitaka sana kusema kwamba mashine za zamani zilikuwa za haki na programu ni za wizi. Ngarenanyuki haikuniruhusu.

Ukitaka kuona utulivu wa chuma ukifanya kazi leo, huna haja ya kwenda Hollywood. Nenda na madereva wa safari wa Arusha. Mgeni anafika na lenzi ndefu kama bomba la maji, milimita 400 au 600, na lenzi ya namna hiyo inakuza mtikisiko kama inavyokuza chui. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni: ukitumia lenzi ya milimita 400, mwanga uingie kwa muda usiozidi sehemu moja ya 400 ya sekunde, la sivyo mkono utaonekana. Barabara haimsaidii. Madereva wanawaambia wageni kwamba kutikiswa kule ni masaji ya Kiafrika, ya bure, na wageni wanacheka kwa siku ya kwanza.

Lakini akifika kwa mnyama, angalia dereva anavyofanya kazi. Kwanza anaiegesha gari kwa kufikiria jua. Halafu anazima injini, kwa sababu dizeli ikinguruma gari zima linatetemeka, na hakuna lenzi inayopenda hilo. Halafu anasema kwa upole kila mtu atulie, maana gari lina springi, na mtu mmoja akihama kiti nyuma, paa linayumba. Kisha anatoa mfuko. Ni mfuko wa turubai tu, umejazwa maharage au mchele kutoka sokoni, unawekwa ukingoni mwa paa lililofunguliwa na lenzi inalazwa juu yake. Unajikunja kufuata umbo la lenzi na hauirudishii mshtuko. Nimeona wageni wenye kamera za mamilioni ya shilingi wakiubusu mfuko wa maharage. Mwisho wa msimu, dereva mmoja aliniambia, yale maharage yanapikwa. "Yameona simba wengi hayo," alisema.

Dereva huyo, kama nilivyosema juu ya mpagazi, ni sehemu ya mtambo. Tofauti ni kwamba yeye anajua. Anaiita kazi yake kwa jina lake: "Leo nimewatulizia."

Utulivu wa programu una asili nyingine kabisa, na hapa inabidi tuondoke Meru kidogo. Mwaka 1982 mhandisi wa Kijapani Mitsuaki Oshima, wa kampuni ambayo leo tunaijua kama Panasonic, alikuwa likizo Hawaii. Kazini alikuwa akishughulika na jairoskopu ndogo za kutetemeka, zilizokusudiwa kuongoza magari. Rafiki aliyekuwa naye alipiga video kutoka ndani ya gari, ikatikisika, akalalamika. Oshima akaunganisha mambo mawili: kihisi kile kinaweza kupima mtikisiko wa kamera, na ukishaupima unaweza kuufuta. Kamera ya video yenye ufundi huo iliingia sokoni 1988. Mwaka 1995 Canon wakatoa lenzi yenye kipande cha kioo kinachoelea ndani yake na kusukumwa kinyume cha mkono wako. Baadaye wengine wakaamua kusogeza kihisi cha picha badala ya kioo.

Hizo bado ni mashine, ila zimekuwa ndogo. Kitu kinasogea kweli, mwanga unafika mahali pake kweli. Kuzifuta kabisa na kubaki na hesabu tupu kulihitaji kompyuta zenye nguvu. Mwaka 2011 YouTube waliweka kitufe cha kutuliza video ambazo zilikuwa zimeshapigwa. Programu ilitazama jinsi picha ilivyoyumba, ikakisia njia ambayo kamera ingepita kama ingeshikwa na mtu mwenye reli na muda, kisha ikaikata video upya kufuata njia hiyo. Mwaka 2016 Google walitoa simu ya Pixel bila kioo kinachoelea, wakaacha utulivu wote wa video kwa kihisi na programu. Mwaka uliofuata wakakirudisha kioo, wakavitumia vyote viwili.

Kwa nini wakirudishe? Kwa sababu kuna kitu ambacho hesabu haiwezi. Video ni picha nyingi zilizopangwa, 30 kwa sekunde kwa kawaida. Programu inaweza kuzipanga upya ili zisirukeruke. Lakini kama mkono ulitikisika wakati picha moja inapigwa, picha hiyo imeshafutika, mistari imeshakuwa ukungu, na hakuna kupanga kutakakoirudisha. Mchana, mwanga ni mwingi na kila picha inapigwa kwa kufumba na kufumbua, hivyo huoni tatizo. Jioni ndiyo siri inatoka. Jaribu kupiga video kwa simu ya bei nafuu harusini, saa moja usiku, ukitembea kumfuata bibi harusi. Fremu itakuwa imetulia kama ukuta, na ndani yake taa zitakuwa zinatetemeka na kuvutika papo kwa papo, kama kitu kinachoogopa. Kioo kinachoelea, au mfuko wa maharage, vingezuia hilo kabla halijatokea.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na marafiki zangu wanaopiga video za mtandaoni mjini, ambao kwao mjadala umekwisha: simu imeshinda, nani abebe stendi kwenye daladala? Wana hoja. Uzito una bei, na kwa karne nzima aliyeulipa hakuwa mpiga picha. Programu imempa binti wa Sakina au Ngaramtoni, mwenye simu ya mkopo, picha iliyotulia ambayo zamani ilihitaji lori, dereva na wapagazi. Hilo si jambo dogo, na silibezi. Hata zile picha za angani za BBC za mwaka 2006, mbwa mwitu wakiwinda Botswana wakitazamwa kutoka juu bila kujua, zilihitaji helikopta na mpira wa jairoskopu wenye bei ambayo sitaki hata kuikisia.

Ila mfuko wa maharage haujawahi kuniambia kwamba nimekosea kugeuka.

Baada ya kugundua kilichoipata ile video, nilizima utulizaji kwenye mipangilio ya simu na kurudi Ngarenanyuki. Gari kutoka mjini linapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unaona twiga ukiwa umebanwa na ndoo za watu, halafu Momella, halafu unateremka. Nilikuwa na mpango: tungeitembea njia ileile, mimi nikitikisika ninavyotaka.

Bibi hakuweza. Magoti yalikuwa yamevimba tangu mvua zianze, na kile kilima alikipanda mara ile kwa sababu yangu tu. Tulikaa ndani. Nikamwonyesha video. Aliitazama simu akiwa ameishika mbali na macho, kama wanavyofanya, akacheka alipoona mgongo wake. Akataka arudishiwe mwanzo. Fimbo ilipofika kwenye ukingo akanyamaza, akanigeukia.

"Mbona hukuonyesha pale?"

Nilijaribu kumweleza. Nilisema simu ilidhani mkono wangu umeteleza. Aliniangalia kama ninavyoangaliwa na msimamizi wangu wa tasnifu.

"Ilidhani?"

"Ndiyo, Bibi. Inakisia."

"Na wewe ukaiacha ikisie."

Sikuwa na jibu. Niliomba niwashe tena. Hakukuwa na stendi, kwa hiyo niliiegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza, nikaweka kijiko chini yake isiteleze, nikarudi kukaa pembeni, nje ya picha. Kopo lilikuwa limejaa na zito. Simu haikusogea hata kidogo kwa dakika 40.

Alianza na mti. Ulikuwa mringaringa, alisema, mkubwa, na maua yake meupe yalikuwa yakianguka hadi kwenye chungu. Upande wa kushoto wa mti palikuwa na nyumba ya mama yake, upande wa pili zizi. Alikuwa na miaka saba. Asubuhi ile alikuwa ametumwa maji, na aliporudi aliona moshi, akadhani ni watu wanachoma majani ya shamba. Alipofika hapo alinyanyua mkono kunionyesha moshi ulikuwa wapi, na mkono ukatoka nje ya picha, upande wa mlangoni. Niliuona ukitoka. Nilikaa nilipo, nikamsogezea kikombe, naye akaushusha mkono polepole, ukaingia tena.